Asante, Baba, kwa Kunirudi

Ng'ambo, Tabora
12 Februari 2024

Kaka Ezekia,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata kila nikitaja jina la mtoto. Barua huwezi kuikata. Nampa kondakta wa basi la Urambo aiache hapo Usoke dukani, na nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Yoramu yuko kwangu. Polisi wamemtoa kwa dhamana kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, nami nimetia saini kwamba hatatoka Tabora mjini mpaka kesi iishe. Yanayosemwa huko kanisani si yote ya kweli. Ilikuwa hivi. Mwanao ni kiranja wa bweni. Asubuhi moja mtoto wa kidato cha kwanza, anaitwa Kornel, kwao Nzega, hakuamka kwenda ibada. Yoramu akamtoa nje akamchapa. Anasema mtoto alijivuta kukwepa fimbo, akateleza, akagonga kisogo kwenye ngazi ya saruji. Amelazwa hospitali ya Kitete, na ninavyoandika hajafumbua macho. Mama yake, Paskazia, ni mjane. Analala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe.

Lakini kaka, kilichonifanya nishike kalamu si hicho tu. Mwanao ananitisha. Anaamka, anakunja blanketi lake kama la jeshini, anafagia uwanja, anapiga pasi shati, anasoma Neno, anasali kwa sauti. Anasali vizuri kuliko mchungaji wetu. Chakula anamaliza na kunishukuru. Tangu afike hajaniuliza hata mara moja yule mtoto anaendeleaje. Juzi nilisimamisha cherehani nikamuuliza, "Yoramu, mwanangu, ndani unajisikiaje?" Akanitazama kama nimemsemesha Kichina. Akasema, "Niko vizuri, shangazi. Nimeshatubu."

Njoo. Waachie watu hiyo tumbaku, uje umwone mwanao.

Mdogo wako,
Jenifa


Usoke
16 Februari 2024

Yoramu,

Habari zako zote nimezipata. Umeniaibisha. Jumapili nimesimama mbele kusoma matangazo, na hakuna aliyesikia tangazo hata moja. Walikuwa wananitazama mdomo tu, mzee wa kanisa ambaye mwanawe ana kesi polisi.

Tangu ulipoanza kutembea nimekuonyesha njia. Hakuna aliyewahi kukusikia ukitukana. Hakuna aliyekukuta kwenye vibanda vya video wala kwenye ngoma. Nilikuwa nikiwaambia wazazi wenzangu, mtazameni Yoramu, mtoto akishikwa mapema haya ndiyo matunda yake. Leo niwaambie nini?

Sasa fanya hivi. Funga, unywe maji tu. Soma zaburi za toba, asubuhi na jioni. Andika barua ya toba kwa mkuu wa shule, kwa mama wa huyo mtoto, na kwa baraza la wazee, kwa mwandiko safi. Usizungumze na watu wa mtaani. Polisi wakikuuliza, jibu kama ulivyojibu mwanzo, usiongeze wala usipunguze.

Mimi siwezi kuja. Bani limejaa majani ya tumbaku yanayokaushwa, na moto wake hauachwi.

Baba yako,
Mzee E. Kasanda


Ng'ambo, Tabora
21 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi sijambo.

Maagizo yako nimeyapokea na nimeyatekeleza. Nimefunga. Zaburi nasoma. Barua nimeziandika, lakini shangazi amekataa kuzipeleka. Anasema zinafanana na barua za kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Naomba ufafanuzi kidogo. Katika barua hizo, niandike kwamba natubu kosa lipi? Mtoto kuanguka si kosa langu. Kuhusu kumchapa, nilifuata utaratibu wa nyumbani. Kwanza nilimuuliza, "Umekosa nini?" akataja. Nikamwambia alale kifudifudi. Nilimchapa bila hasira, kwa maana wewe husema anayechapa kwa hasira ametenda dhambi. Nilipomaliza nikamwamuru asimame na aseme maneno tunayoyasema sisi: Asante kwa kunirudi. Akakataa. Akanitazama usoni tu. Baba, unajua mimi nilipokataa kuyasema ulifanyaje. Ulisema adhabu isiyoshukuriwa haijaisha. Kwa hiyo nilianza upya.

Kama kuna mahali nilipokosea utaratibu, naomba unijulishe ili nirekebishe.

Mwanao mtiifu,
Yoramu E. Kasanda


Usoke
27 Februari 2024

Mdogo wangu Jenifa,

Marahaba. Mama Yoramu yuko kwako? Nimerudi kutoka bani nimekuta vyombo vimeoshwa na kufunikwa, na yeye hayupo. Begi lake halipo. Barua ya Yoramu ilikuwa mezani, imefunguliwa. Aliisoma kabla yangu.

Nami nimeisoma. Nilikaa kwenye kigoda nikaisoma nikitafuta mahali alipokosea, nipate pa kumkaripia. Sikupaona. Ni maneno yangu, Jenifa. Hata yale ya adhabu isiyoshukuriwa ni yangu, niliyasema hapa sebuleni. Nilikuwa nimeyasahau, nayo yamekaa ndani ya mtoto, hakuna hata moja lililopotea.

Nilitaka anyooke. Basi amenyooka. Anauliza amekosea wapi utaratibu, na mtoto wa mwenziwe hajui kama yuko duniani!

Wewe unakaa naye. Hebu mguse. Mshike hata mkono. Niambie kama ndani mle yumo mtu. Nimepiga magoti nimwombe Mungu, nikainuka, kwa sababu yale niliyozoea kusema, nikiyaanza tu, naisikia sauti ya Yoramu akisali hapo nyumbani kwako. Nami najua sasa kwamba sauti ile haina kitu ndani. Je, yangu?

Moto wa bani umezimika. Sikwenda kuuchochea. Majani yamekuwa meusi, majirani wamekuja kuuliza kama naumwa.

Nitumie neno lolote.

Kaka yako,
Ezekia


Kitete, Tabora
5 Machi 2024

Baba Yoramu,

Salamu. Mimi ni mzima na sikukimbia ndoa yangu, wasikudanganye. Niko hospitali na mama yake Kornel. Usiku nalala kwa wifi Jenifa, mchana niko hapa.

Siku niliyofika nilimwambia mimi ni mama wa nani. Alikuwa anakunja kanga. Akaniuliza kwa Kinyamwezi nimefuata nini. Nikamjibu kwamba sijui. Nikadhani atawaita watu wanitoe. Kisha akasema, "Shika huo upande." Tukamgeuza mtoto pamoja, maana mgongo ulianza kuchubuka. Tangu hapo nafua, napika uji, na yeye hanishukuru wala hanifukuzi.

Mtoto amefumbua macho. Lakini hasemi, na akiitwa hageuki. Madaktari wanasema tusubiri. Jana Paskazia ameniuliza, "Wako analia?" Nikasema, "Halii." Akasema, "Wangu alikuwa mjibu hoja. Huwezi kumwambia neno akakosa la kukujibu. Nilikuwa nikimfinya kwa hilo. Leo ningepata jibu lake moja, hata la utovu wa adabu."

Yoramu nimemwona. Alisimama, akanipa kiti, akaniamkia. Nikamkumbatia. Baba Yoramu, alisimama akisubiri nimalize, kama mtu aliyejificha mvua barazani kwa watu. Nimemzaa mimi, nikakuachia wewe umlee kwa sababu nilikuogopa.

Unakumbuka treni ilipomuua mbwa wake pale stesheni? Alikuwa mdogo. Alilia mpaka akatapika. Ulimwambia mtoto wa Mungu hamlilii mbwa, na akiendelea utampa cha kumliza. Mimi nilikuwa jikoni. Nilitoka nikamnawisha uso haraka, nikamnong'oneza, "Nyamaza, baba asikuone." Kwa hiyo usidhani nakulaumu peke yako. Tulikuwa wawili. Kila jioni tulimuuliza: umesoma, umesali, umetii? Sikumbuki siku tuliyomuuliza anaogopa nini. Na jibu alikuwa nalo, lilikuwa limekaa hapo mezani linakula nasi.

Usimtumie maagizo tena. Kama huna kingine cha kumwandikia, afadhali usiandike.

Recheli


Usoke
14 Machi 2024

Mwanangu Yoramu,

Barua hii nimeianza nikachana, nikaianza tena. Kila nikishika kalamu linatoka agizo. Sijui kuandika kwa namna nyingine, kwa hiyo nivumilie.

Uliniuliza ulikosea wapi utaratibu. Hukukosea popote. Utaratibu wenyewe ndio ubaya, nao ni wangu. Kornel alipokutazama na kukataa kusema asante, alikuwa anakuambia ameumia. Na wewe ulipokataa, ulikuwa unaniambia mimi hivyo hivyo. Nilisikia ukaidi tu. Nikaanza upya mpaka ukasema, nikaenda kulala nikimshukuru Mungu kwamba nimeushinda moyo wa mwanangu, kumbe nilikuwa nimeufukuza.

Zile barua za toba usizipeleke. Usifunge tena kwa ajili yangu. Kama unasali ili nisikie kwa shangazi kwamba umesali, acha. Sikuagizi kitu.

Nataka tu kujua jambo moja, na ukikataa kunijibu sitakufanya lolote. Siku ile, mtoto yule alipokutazama, ulisikia nini ndani yako?

Baba yako


Ng'ambo, Tabora
23 Machi 2024

Baba,

Najua shangazi alikupigia kwamba nimepotea, na kwamba nimepatikana. Sikukuamkia hapo juu. Nimeshindwa kuliandika lile neno.

Nilisoma barua yako nikakasirika sana, sikujua kwa nini. Nikachukua ile barua ya toba niliyomwandikia mama yake Kornel, nikaiweka mfukoni, nikaenda Kitete saa ya kutazama wagonjwa. Nilitaka kuimaliza kazi uliyonipa kwanza, halafu nione utasema nini. Mama alikuwa nje anaanika nguo. Niliingia peke yangu.

Kornel alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mama yake anamlisha uji. Akaniona. Baba, alipiga yowe. Hajawahi kutoa sauti tangu alazwe, na sauti ya kwanza ilikuwa hiyo. Akainua mikono kuficha kichwa, akajikojolea. Mama yake mwanzoni alifurahi, alicheka kabisa, akasema, "Kornel, baba! Umeongea!" Halafu akageuka akaniona mlangoni. Nikaiona ile furaha inavyomtoka usoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Toka, mwanangu, anakuogopa."

Ile mikono naijua. Ndivyo ninavyoinua mimi.

Niliondoka nikashika barabara ya Urambo kwa miguu. Niliacha mji nyuma, nikawa natapika na kulia huku natembea, watu wa baiskeli wananipisha. Shangazi alinifuata kwa bodaboda, akanipata mbali sana. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nakwenda Usoke. Sikumwambia kufanya nini. Wewe nakuambia. Nilikuwa nakuja kukupiga, baba.

Uliniuliza nilisikia nini. Nilisikia raha. Kulikuwa na mtu ananiogopa mimi, na mimi simwogopi yeyote. Halafu akakataa kusema asante, na nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa sababu yeye aliweza kukataa. Ni mdogo, mwembamba, na aliweza.

Hakuteleza. Nilimsukuma kwa mikono yote miwili, akiwa juu ya ngazi. Polisi niliwadanganya, na wewe, na shangazi. Wakili wangu anasema nikiendelea na maneno ya kuteleza huenda nikaachiwa. Sitaki. Nitamwambia hakimu.

Na hili pia ulijue. Mungu simjui. Kila nilipofumba macho kusali nilikuona wewe, na nilichokuwa naomba miaka yote ni kwamba usinipige.

Yoramu


Usoke
27 Machi 2024

Yoramu, mwanangu,

Mwambie hakimu kweli yote. Nilikuandikia ujibu kama mwanzo, nikilinda jina langu. Neno hilo nalifuta.

Wakili nimemwambia hivyo. Jana nimesimama mbele ya baraza la wazee nikawasomea barua yako, isipokuwa yale yanayohusu mimi na wewe tu. Waliniambia kijana amepotoka, wakataka tuombe ili apewe moyo wa utii. Nikasema hapana, utii anao, tumwombee vingine. Nikawakabidhi funguo za kanisa. Mmoja wao analia hadi sasa. Ana watoto wanne, na nyumba yake huwa kimya sana.

Hasira yako nimeisoma. Ndicho kitu cha kweli cha kwanza ulichowahi kunipa, na wala sikukatazi kuwa nayo. Siku ya kesi nitakuwa nimeketi humo ndani. Si lazima unitazame.

Baba yako


Usoke
9 Juni 2024

Yoramu, mwanangu,

Natumaini barua hii itakufikia. Hapo shuleni alikokupeleka hakimu simu hairuhusiwi, nasi hatujui barua huchukua muda gani kufika Mbeya. Wanaiita shule ya maadilisho. Mimi kila nikilitamka jina hilo najiuliza ni nani kati yetu aliyepaswa kupelekwa.

Sijakuandikia tangu siku ya hukumu kwa sababu nimekuwa naogopa. Ulisimama pale ukasema yote: fimbo, asante, ngazi, mikono yako. Hakimu alikuuliza kama kuna aliyekulazimisha kukiri, ukasema hakuna. Halafu ukageuka kumtafuta Paskazia. Hukuweza kusema samahani, ulilia tu, kwa kelele, kama ulivyolia siku ya mbwa. Niliinuka. Askari akanisukuma akaniambia nikae. Kama ningefika kwako sijui ningefanya nini. Sijawahi kukushika ukilia, mikono yangu haijui kazi hiyo.

Ulipokuwa unapanda gari, nilikuita. Najua ulisikia.

Mwezi huu mama yako nami tulikwenda Nzega. Kornel anatembea, mguu mmoja anauburuta. Anasema maneno machache, mengine yanamkwama anakasirika na kutupa vitu. Shule hajarudi na hakuna anayejua kama atarudi. Paskazia alitukaribisha ndani. Hajasema amekusamehe, nami sikumwomba. Aliuliza unakula nini huko. Tulipoaga, Kornel alikuwa amekaa mlangoni, nikachuchumaa kumsalimia. Akakwepa. Nimemkalisha mtoto huyo katika hofu hata bila kumgusa.

Mchungaji ananishauri nijisamehe. Sijui hufanywaje. Naamka asubuhi, nakaa na mama yako, tunaomba kidogo sana. Siku nyingine namwambia Mungu jina lako tu. Naogopa, Yoramu. Naogopa kwamba nimeamka wakati umeshakuwa mtu mzima, na kwamba mlango niliokuwa nimeachiwa ulikuwa ule wa utoto wako, nami nilikuwa bize kuupaka rangi nje.

Mwezi ujao kuna siku ya wazazi kutembelea. Nataka kuja. Nimeshaulizia basi.

Baba yako,
Ezekia


Mbeya
2 Julai 2024

Baba,

Barua yako imefika. Nimeisoma, nikaiweka, nikairudia.

Mama aje. Mwambie aje na sweta, hapa kuna baridi ambayo Usoke hakuna. Wewe usije. Usije bado.

Nilitaka kuandika sababu kwa heshima, kwamba nauli ni kubwa, kwamba shamba litabaki peke yake. Si kweli. Nikiwaza umekaa mbele yangu, mgongo unanyooka wenyewe, na najua nitaanza kukujibu vizuri. Nitakuambia nasoma, nasali, natii. Nitakuwa yule tena. Hapa kuna siku nakuwa mimi, si nyingi, na sijazoea. Kuna mwalimu mmoja mzee, akiniuliza swali nikasema sijui, hafanyi kitu. Anasema, "Haya, tukae nalo." Jana nilimwambia nimemwota Kornel. Tulikaa nalo.

Kusali bado sijasali tangu nije. Nakuambia kwa sababu ni kweli, sitaki ulifanyie kazi.

Nimeandika "usije", na sijalifuta. Nasubiri utakachofanya.

Yoramu


Usoke
11 Julai 2024

Yoramu, mwanangu,

Siji.

Mama yako ataondoka na sweta mbili. Nitamsindikiza hadi stendi ya Tabora, nitamtafutia kiti cha dirishani, kisha nitarudi nyumbani. Sitampa ujumbe wa kukuletea, usije ukakaa unamwangalia mdomo ukiusubiri. Siku utakayoniita nitakuja. Kama hutaniita, nitaandika, na barua zangu unaweza kuziacha bila kuzifungua.

Umeniambia hapana. Nimekaa nalo tangu asubuhi, linauma, na hakuna kitakachokupata. Hapana yako imenifikia, mwanangu, nami ningali baba yako.

Ezekia